Mpango wa Viwanja Ukifika Kijijini, Mkulima Ajibu Nini?

  

Leo sitazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Nitazungumza juu ya kitu kinachotangulia mbegu na mbolea, nacho ni ardhi yenyewe. Maana unaweza kuwa na mbegu bora, ukawa na samadi ya kutosha, na mvua ikanyesha vizuri. Lakini kama shamba limekwisha pigwa vigingi vya viwanja, utapanda wapi?

Siku hizi maofisa wa mipango huja vijijini na ramani. Wanasema: hapa patakuwa makazi, hapa patakuwa viwanda na biashara, hapa patakuwa shule, hapa soko. Kazi hiyo ni halali na ina sababu zake. Tazameni hesabu ya watu. Mwaka 2012 Mkoa wetu wa Manyara ulihesabiwa watu 1,425,131. Mwaka 2022 tulihesabiwa watu 1,892,502. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya 467,000. Watu hao watalala wapi? Vijana wetu waliomaliza shule watafanya kazi wapi? Hatuwezi kuwaambia wakae juu ya miti. Kwa hiyo mpango wa makazi na wa mahali pa kazi unatakiwa.

Lakini mpango mzuri unatakiwa kuulizwa maswali, na anayefaa kuuliza ni mkulima mwenyewe. Mtaalamu aliyetoka mjini anaiona mbuga tupu. Wewe unajua kwamba mbuga ile ndiyo inayolisha ng'ombe wakati wa kiangazi. Yeye anauona uwanda uliolala vizuri, unaofaa kupimwa viwanja. Wewe unajua kwamba uwanda ule ndio unaotoa mahindi hata mwaka wa mvua haba. Usipomwambia, atajuaje?

Ndugu zangu, sisi wa Hanang hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na hasa miaka ya 1970, uwanda wa Basotu ulilimwa mashamba makubwa ya ngano. Kazi hiyo ilifanywa na shirika la umma la NAFCO, ambalo leo halipo tena, kwa msaada wa Kanada. Mashamba yalikuwa saba, na jumla yake ilipita eka 70,000. Ngano ilipatikana, hilo hatukatai. Lakini uwanda huo ulikuwa na malisho bora ya Wabarabaig, yale ya mabonde wanayoyaita muhajega. Wafugaji walisukumwa pembeni, na mapito ya mifugo yakafungwa. Hata makaburi ya wazee, yale ya vichuguu yanayoitwa bung'eda, mengine yalipitiwa na jembe la trekta.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki. Lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo. Kwa nini? Sababu moja kubwa ni kwamba Halmashauri ya Kijiji haikuweza kuonyesha kwamba iligawiwa ardhi ile kwa kufuata sheria. Wanakijiji nao hawakuthibitisha haki yao ya kimila kwa namna mahakama ilivyotaka. Watu walikuwa wakiitumia ardhi, lakini karatasi hawakuwa nayo. Shikeni neno hilo. Sheria imebadilika tangu wakati ule, na sasa inamlinda mwanakijiji zaidi. Hata hivyo, mtu asiye na kumbukumbu ya ardhi yake bado ana kazi ngumu.

Sasa basi, sheria inasemaje leo?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ilianza kutumika mwaka 2001. Inasema kwamba Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini, kwa niaba ya wanakijiji. Mdhamini si mwenye mali. Halmashauri haina ruhusa ya kumgawia mtu yeyote ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujakubali. Mkutano Mkuu ni nani? Ni wewe, ni mke wako, ni kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18. Basi msiseme, "Mwenyekiti ameuza ardhi yetu." Ulizeni kwanza: sisi siku ya mkutano tulikuwa wapi?

Je, kama Serikali inataka kuitoa ardhi kijijini, iwe ya viwanda au ya mji? Hapo pia sheria imeweka utaratibu. Tangazo hutolewa katika Gazeti la Serikali, na nakala huletwa kwa Halmashauri ya Kijiji. Kama eneo ni pungufu ya hekta 250, yaani karibu eka 618, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Kama ni hekta 250 au zaidi, Mkutano Mkuu hutoa maoni yake, na Waziri huamua baada ya kuyatazama. Na katika hali zote mbili, ardhi haihamishwi mpaka kiasi cha fidia, namna ya kuilipa na wakati wa kuilipa vimekubaliwa.

Halafu kuna Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Namba 6 ya mwaka 2007. Sheria hii inaipa Halmashauri ya Kijiji madaraka ya kupanga matumizi ya ardhi yake. Kijiji kinachagua kamati, kinapima mipaka, kinachora ramani ya ardhi iliyopo, kisha kinaamua: hapa kilimo, hapa malisho, hapa makazi, hapa msitu, hapa akiba ya watoto wetu. Mwishoni Mkutano Mkuu unapitisha. Kijiji chenye mpango wake kinakuwa na neno la kusema mpango wa wilaya au wa mkoa ukija. Kijiji kisicho na mpango kinaonekana kwenye ramani kama mahali patupu, na kila mtu hupenda kupajaza.

Ndugu wakulima, sasa tuingie katika kazi yenyewe. Mpango umeletwa kwenye ubao wa matangazo. Mtajibuje?

Kwanza, someni tangazo lote. Wasiojua kusoma wasomewe, tena kwa lugha wanayoifahamu, Kiiraqw au Kibarabaig. Tazameni tarehe ya mwisho ya kutoa maoni. Jibu zuri lililopelekwa baada ya tarehe ni kama mahindi yaliyopandwa baada ya mvua kukatika. Ombeni mwonyeshwe ramani, kisha mwombeni ofisa aende nanyi mpaka kwenye eneo lenyewe. Karatasi haionyeshi mawe wala chemchemi.

Pili, pigeni hesabu ya eka. Hapa ndipo wengi tunapopotea, nami nataka tuifanye pamoja taratibu. Eka moja ni hatua 70 kwa 70, nasi tunaijua. Kwa mita za mraba ni 4,047. Kiwanja cha nyumba cha mita 20 kwa 30 kina mita za mraba 600. Ukitoa sehemu ya barabara na uwazi, eka moja inatoa viwanja vinne hadi vitano. Kwa hiyo kaya 100 zinahitaji eka 20 hadi 25. Tuseme basi kwamba ninyi mnataka viwanja vya kijijini, vyenye nafasi ya bustani na zizi la ng'ombe wawili, nusu eka kwa kila kaya. Hapo kaya 100 zinahitaji eka 50, na barabara juu yake.

Sasa ulizeni: mpango unataka eka ngapi kwa makazi? Kijiji chetu kitaongezeka kaya ngapi katika miaka kumi ijayo? Kama kaya zitakazoongezeka ni 100, na mpango unataka eka 300, simama katika mkutano useme kwa heshima, "Ndugu ofisa, hizi nyingine ni za nani?" Huenda ana jibu zuri, pengine ni za shule na zahanati. Huenda hana. Vyovyote vile, jibu lake liandikwe katika muhtasari.

Tatu, hesabuni ardhi hiyo inawalisha nini sasa. Msiseme tu, "Mtatuua kwa njaa." Semeni kwa tarakimu. Tuseme familia ina watu saba na eka nne. Kila mtu mmoja anakula karibu gunia moja la mahindi kwa mwaka, basi nyumba hiyo inahitaji magunia saba ya chakula. Ikiwa eka moja inampa magunia sita, na zote nne zimelimwa mahindi, anavuna 24. Anakula saba, na 17 ni ya ada ya shule, ya dawa, na ya mbegu ya mwaka ujao. Mkimchukulia eka mbili, anabaki na magunia 12. Chakula kipo bado, lakini cha kuuza ni magunia matano tu. Huyo hafi njaa mwaka huu. Lakini mtoto wake ataondoka shule, na mwaka wa ukame ndipo njaa yenyewe itakapofika. Hesabu ya namna hiyo ofisa anaielewa, na mtu hawezi kuicheka.

Wafugaji nao wafanye hesabu yao. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 anahitaji kiasi cha kilo sita za majani makavu kila siku. Kwa mwaka ni zaidi ya tani mbili. Ng'ombe kumi ni zaidi ya tani 20. Mbuga ikigeuzwa viwanja, tani hizo zitatoka wapi? Na msisahau kwamba ng'ombe hali majani tu. Anahitaji njia ya kwenda lamboni, njia ya kwenda joshoni, na mahali pa kulamba chumvi. Njia ikizibwa, ng'ombe atapita kwenye mahindi ya jirani, na hapo ugomvi wa mfugaji na mkulima umezaliwa. Mapito ya mifugo yachorwe kwenye ramani kwa upana unaotosha, kabla kiwanja cha kwanza hakijapimwa.

Nne, msikatae tu. Toeni mahali pengine. Ofisa akisikia "hatutaki" anaandika kwamba wanakijiji hawataki maendeleo. Akisikia "hapa hapafai kwa sababu hii, lakini pale panafaa kwa sababu ile," anapata kazi ya kufanya. Udongo mweusi wa mbuga ni mzuri kwa mazao na majani, lakini kwa nyumba ni mbaya, kwa sababu huvimba ukiwa na maji na kupasuka ukikauka. Kuta nazo hupasuka pamoja nao. Ardhi ya changarawe, iliyoinuka kidogo na yenye mteremko mdogo, haitoi mahindi mengi, lakini nyumba inakaa imara. Basi semeni: nyumba ziende kwenye changarawe, jembe libaki kwenye udongo mzito.

Na mahali pa kazi je? Watu wengi wanaposikia viwanda hufikiria moshi. Kwetu kiwanda kinaweza kuwa mashine ya kukamua alizeti, ghala la chama cha ushirika, mashine ya kusaga, karakana ya plau na mikokoteni, mnada wa mifugo wenye maji na uzio. Vitu hivi havihitaji udongo mzuri. Vinahitaji barabara. Viwekwe karibu na barabara, mahali ambapo lori linafika masika na kiangazi. Tena ulizeni jambo moja: vijana wa hapa watapata kazi gani, na maji machafu ya kiwanda yatamwagwa wapi? Mahali pa kazi pasipo na kazi kwa watu wa hapo ni shamba lililopotea bure.

Tano, tazameni hatari. Hili nalisema kwa uzito. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang baada ya mvua kubwa. Vilipiga Katesh, Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walikufa, na familia nyingi zilipoteza nyumba, mashamba na mifugo. Baadaye nyumba zilijengwa eneo la Waret kwa ajili ya walionusurika. Ndugu zangu, hili ni fundisho kwa kila anayechora ramani ya makazi katika wilaya yetu. Mahali pa nyumba pasichaguliwe kwa sababu tu pako karibu na mji. Wazee wanajua makorongo yaliyowahi kupitisha maji wakati wa ujana wao, hata kama leo yamekauka na yanaonekana kama njia ya mbuzi. Waulizeni. Yaonyesheni kwenye ramani, mkaandike: hapa pasijengwe. Na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita hizo 60 ziheshimiwe na wenye viwanja, nasi wenye majembe tuziheshimu.

Sita, orodhesheni vitu visivyoonekana kwenye ramani ya mjini: chemchemi, miti ya dawa, mahali pa mikutano ya wazee, makaburi. Kila kitu na mahali pake. Vijana wenye simu wapige picha, na mzee mmoja aende nao kuwaonyesha.

Ukimaliza hayo, andikeni barua moja. Barua iliyopitishwa na Mkutano Mkuu ina nguvu kuliko barua 50 za malalamiko. Iwe na mambo manne: tunakubali nini, tunakataa nini na kwa sababu gani, tunapendekeza nini badala yake, na tunaomba kujibiwa lini. Mwenyekiti na Mtendaji wasaini, mhuri upigwe, na muhtasari wa mkutano uambatanishwe pamoja na orodha ya waliohudhuria. Nakala moja ibaki kijijini. Mkiipeleka Halmashauri ya Wilaya, ombeni nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mkumbuke wanakijiji wa Mulbadaw. Karatasi iliyotunzwa ndiyo itakayosema miaka 20 ijayo, wakati sisi wengine hatutakuwepo.

Sasa neno kwa kila mmoja wenu. Kama kijiji kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji, na shamba lako lina mipaka isiyo na ugomvi, omba Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Majirani wathibitishe mipaka, na hati isainiwe kijijini na kusajiliwa wilayani. Na akina baba, nawaomba kwa heshima: andikeni jina la mke pamoja na lenu. Sheria inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Mke ndiye anayelima shamba hilo siku zote. Baba akifariki na jina lake halimo, ndugu watakuja na maneno mengi.

Na kama mwisho wa yote eneo lako limechukuliwa kwa utaratibu wa sheria, jua haki zako za fidia. Si thamani ya nyumba peke yake. Kuna thamani ya ardhi, kuna mazao na miti, kuna posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Mthamini akija, uwepo mwenyewe. Hesabu miti pamoja naye, mmoja mmoja. Usisaini fomu tupu hata kama ameshikilia kalamu akiwa na haraka. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya kuidhinishwa. Ikichelewa, inadaiwa riba.

Wengine mtasema, "Bwana Shamba, mambo haya ni ya wakubwa. Sisi tutasikilizwa na nani?" Nawajibu hivi. Pengine hamtapata yote mnayoyaomba. Mpango wa mkoa una mambo mengi ndani yake, na wakati mwingine barabara lazima ipite mahali fulani. Lakini nimeona tofauti kati ya kijiji kilichokwenda mkutanoni na hesabu yake, na kijiji kilichokwenda na hasira tu. Cha kwanza kiliulizwa maswali. Cha pili kilipewa pole.

Kuna kazi moja ya wiki hii, nayo haihitaji fedha. Nenda kwa Mtendaji wa Kijiji. Muulize mambo matatu: Je, kijiji chetu kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji? Je, kina mpango wa matumizi ya ardhi, nao ulipitishwa mwaka gani? Na Mkutano Mkuu ujao ni lini? Kwa sheria, mkutano huo unatakiwa kuitishwa walau kila miezi mitatu. Kama jibu la swali lolote ni "hapana" au "sijui," basi mmekwisha pata ajenda ya kwanza.

Vijana wanataka mahali pa kujenga, nao ni watoto wetu. Ng'ombe wanataka majani, nao ndio mali yetu. Mahindi yanataka udongo. Ardhi ya kutosha vyote vitatu inaweza kupatikana, kama kila kitu kitawekwa mahali pake na wenyewe mkiwepo wakati wa kukiweka.